Kwa nini 0.4 badala ya 0.3 inatikisa dola na yeni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina duka la spea za magari Gerezani, Dar es Salaam, na mzigo wangu mwingi unatoka Japani. Wakala wangu wa kule kila mwezi ananiandikia: "Subiri kwanza, leo inatoka namba ya Marekani." Nikifuatilia habari nasikia mfumuko wa bei wa msingi umepanda asilimia 0.3, au 0.4, na eti masoko yametikisika. Hiyo tofauti ya 0.1 inamtikisa nani? Halafu wanatoa chakula na mafuta, vitu ambavyo binadamu ananunua kila siku. Si wanajidanganya? Na mimi mwenye duka nifanye nini na namba hiyo?

JIBU: Marahaba, dada. Niseme mapema kwamba wakala wako hakudanganyi. Tarehe 10 Aprili 2024, saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilitangaza bei za mwezi Machi. Mfumuko wa msingi, yaani wa kapu lote la matumizi ukiondoa chakula na nishati, ulikuwa asilimia 0.4 kwa mwezi. Wachambuzi walikuwa wametarajia 0.3. Siku hiyo hiyo dola moja ilivuka yeni 152, ikafika 153, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1990. Riba ya hati fungani za serikali ya Marekani za miaka 10 ikapita asilimia 4.5. Mwenye deni la yeni aliyekuwa bado ameshika dola alipata nafuu bila kutoka jasho. Aliyebadili dola zake asubuhi aliikosa.

Miezi mitatu baadaye mambo yakageuka. Tarehe 11 Julai 2024 ilitoka namba ya Juni: 0.1, ilhali watu walisubiri 0.2. Dola, iliyokuwa juu ya yeni 161, ikaporomoka muda huo huo, na serikali ya Japani nayo ikatumia mwanya huo kuuza dola ili kuinua sarafu yake. Kwa hiyo swali lako la kwanza, kwamba 0.1 inamtikisa nani, jibu lake ni kwamba inaweza kukutikisa wewe, endapo ankara yako imeandikwa kwa yeni.

Sasa tuje kwenye udogo wa namba yenyewe. Hiyo 0.4 ni ya mwezi mmoja tu. Bei zikipanda hivyo mwezi huu, na ujao, na unaofuata, kila ongezeko likikaa juu ya lile lililotangulia, baada ya miezi 12 utakuwa na asilimia 4.9. Ukipanda kwa 0.3 kila mwezi utamaliza mwaka na 3.7. Ukipanda kwa 0.2 utamaliza na 2.4. Benki Kuu ya Marekani, wengi tunaiita Fed, inataka mfumuko wa asilimia 2 kwa mwaka. Lengo hilo ililitangaza rasmi Januari 2012. Tena hulipima kwa fahirisi nyingine (fahirisi ni kipimo cha kiwango cha bei), ya matumizi ya kaya, ambayo mara nyingi husoma chini kidogo ya hii tunayoizungumzia, kwa hiyo 0.2 kwa mwezi hapa ni namba inayowaacha walale. Ikija 0.3 wanakaa kimya kuhusu kushusha riba. Ikija 0.4, na ikarudia, yanaanza maneno ya kupandisha. Na riba ya Marekani ikitarajiwa kukaa juu, wenye fedha hukimbilia dola, nayo yeni hushuka. Kila hatua ya 0.1, ikidumu mwaka mzima, ni zaidi ya asilimia moja kamili juu ya bei, na benki kuu yenye lengo la asilimia 2 haiwezi kulipuuza hilo.

Lakini wenye pesa nyingi sokoni hawaishii kwenye 0.4 iliyosomwa na mtangazaji. Fahirisi hutolewa kwa desimali tatu, na badiliko la mwezi ndilo linalofupishwa hadi desimali moja. Wao huichukua fahirisi na kupiga hesabu wenyewe. Machi 2024, ile iliyotikisa yeni, ilikuwa asilimia 0.359. Ingekuwa 0.349, tofauti ya sehemu moja ya mia ya asilimia, taarifa ingesomeka 0.3, kama ilivyotarajiwa, na huenda siku ile ingepita kimya. Ukizikuza kwa mwaka, 0.359 inatoa 4.4 na 0.349 inatoa 4.3, karibu kitu kile kile. Kinyume chake, 0.251 na 0.349 zote zinaandikwa 0.3 kwenye kichwa cha habari, ilhali ya kwanza ikidumu mwaka ni kama asilimia 3 na ya pili ni 4.3. Ndiyo maana kuna siku utasikia 0.3 imetoka, kama ilivyotarajiwa, na bado bei za dola zinaruka. Hakuna siri wala njama. Kuna watu wamesoma desimali ya pili na ya tatu.

Utauliza, kwa nini wasitumie namba ya mwaka, ile ya 3.1 au 2.8 inayopendwa na magazeti? Wanaitumia, ila inachelewa kusema kitu. Namba ya mwaka ichukulie kama daladala yenye viti 12: kila mwezi anapanda abiria mmoja, na anashuka yule aliyepanda mwezi kama huu mwaka uliopita. Gari likizidi uzito, huwezi kujua kwa kulitazama kwa mbali kama aliyepanda ni mzito au aliyeshuka ndiye alikuwa mwepesi.

Aprili 2020, corona ilipofunga Marekani, bei za msingi zilishuka kwa 0.4 ndani ya mwezi mmoja, anguko kubwa kuliko yote tangu mfululizo huo uanze mwaka 1957. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2021, abiria huyo mwepesi akashuka, na aliyepanda alikuwa na 0.9, ongezeko kubwa la mwezi mmoja kuliko yote tangu Aprili 1982. Namba ya mwaka ikaruka kutoka 1.6 hadi 3.0 kwa mkupuo. Karibu theluthi ya mruko huo ilitoka kwenye mwezi uliokuwa umekwisha kupita mwaka mzima. Aliyekuwa anasoma namba za mwezi alikwisha kujua mwaka mmoja kabla kwamba Aprili 2021 ingekuja na kelele.

Na hiyo 0.9 ilitoka wapi? Hapa ni nyumbani kwako, dada. Bei za magari yaliyotumika zilipanda asilimia 10.0 mwezi huo mmoja. Viwanda vya magari vilikuwa vimekosa vipande vya elektroniki, magari mapya hayakuwepo, kampuni za kukodisha zilizouza magari yao wakati wa corona zikarudi sokoni kuyatafuta, na serikali ilikuwa imewagawia watu fedha. Juni ikaja tena asilimia 10.5. Kitu kimoja, magari mtumba, kiliibeba namba ya msingi ya taifa zima.

Sasa lile la kutoa chakula na mafuta. Hasira yako naielewa, na wala si wewe wa kwanza kuuliza; Wamarekani wenyewe hufanya mzaha kwamba huo ni mfumuko wa watu wasiokula wala kuendesha gari. Tuangalie tarehe 13 Septemba 2022, ilipotangazwa namba ya Agosti. Petroli ilikuwa imeshuka kwa asilimia 10.6 katika mwezi huo. Kapu lote, pamoja na chakula na mafuta, lilikuwa limepanda 0.1 tu. Mtu wa kawaida angesema alhamdulillah. Lakini ndani ya taarifa hiyo hiyo namba ya msingi ilikuwa 0.6, mara mbili ya ile ya Julai na mara mbili ya iliyotarajiwa. Fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, S&P 500, ilianguka asilimia 4.3, siku mbaya kuliko zote tangu Juni 2020. Petroli imeshuka, na masoko yanalia. Wiki moja baadaye, tarehe 21 Septemba, Fed ikapandisha riba kwa robo tatu ya asilimia.

Walichokiona ni hiki: petroli ilishuka kwa sababu soko la mafuta duniani lilikuwa limepoa baada ya mshtuko wa vita vya Ukraine. Kesho ingeweza kupanda tena kwa sababu ya uamuzi wa nchi zinazouza mafuta au kimbunga Ghuba ya Mexico. Lakini kodi za nyumba, hospitali, matengenezo ya magari, samani, vilikuwa vinapanda vyote kwa pamoja na kwa kasi. Bei za aina hiyo zikishaanza kupanda hazigeuki kwa wiki mbili. Mishahara huzifuata, kisha zenyewe huifuata mishahara. Hizo ndizo riba inaweza kuzigusa. Mafuta na mboga riba haivigusi.

Mfano mzuri ni mayai. Januari 2025 bei ya mayai Marekani ilipanda asilimia 15.2 kwa mwezi mmoja, kwa sababu mafua ya ndege yalikuwa yameua kuku wa kutaga kwa mamilioni. Benki kuu ikipandisha riba, kuku hawafufuki. Vifaranga wapya wakikua, mayai yanashuka yenyewe. Anayeendesha sera ya fedha anahitaji namba isiyomvuta huku na huku kwa ugonjwa wa kuku, na ndiyo kazi pekee ya namba ya msingi. Haikuundwa ikuambie maisha yamepanda kiasi gani. Hilo Wamarekani wanalijua: pensheni zao za serikali hupandishwa kila mwaka kwa kutumia fahirisi yenye chakula na mafuta ndani yake, na mwaka 2023 zilipandishwa asilimia 8.7. Hakuna mbunge wa kule angethubutu kuwapa wazee nyongeza kwa namba ya msingi. Kwa hiyo ukisikia kiongozi yeyote, wa kule au wa huku, anatumia namba ya msingi kuwaambia wananchi kwamba maisha si magumu, hapo una haki ya kusema anadanganya. Namba yenyewe haina kosa.

Tena kila nchi hukata kwa kisu chake. Marekani hutoa chakula chote, hata cha mgahawani, pamoja na nishati. Kinachobaki ni karibu asilimia 80 ya kapu. Kwetu Tanzania, NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu), kwa kapu lenye mwaka wa kizio, yaani wa kulinganishia, 2020, hutoa vyakula visivyosindikwa, nishati na huduma kama maji. Inayobaki ni asilimia 73.9. Ukumbuke pia kwamba kwa Mmarekani chakula ni kama asilimia 13 au 14 ya kapu, wakati kwetu chakula na vinywaji visivyo na kilevi ni 28.2. Kukiondoa chakula kule ni kuondoa kitu cha pembeni kuliko huku. Mimi nikiisoma taarifa ya NBS huwa naiweka namba ya msingi na ile ya jumla ubavu kwa ubavu, wala siitumii moja kuifuta nyingine. Na jambo jingine: NBS hutoa fahirisi kama zilivyo, bila kuondoa athari ya msimu, kwa hiyo badiliko la mwezi la kwetu linabeba mavuno, Ramadhani na shule kufunguliwa, vyote humo. Usililinganishe na 0.3 ya Marekani, ambayo imekwisha kusafishwa.

Huko kusafisha kunahitaji maneno machache, maana ndiko kwenye mitego. Tiketi za ndege hupanda majira ya joto, nguo hushuka baada ya sikukuu, na kadhalika. Wanatakwimu hukadiria kila mwezi huwa unapanda kiasi gani kwa kawaida, kisha wanaondoa hicho cha kawaida, wakibakiwa na kile cha ziada. Makadirio hayo hufanyiwa marekebisho kila mwaka, mwanzoni, na namba za mwezi kwa mwezi za miaka mitano iliyopita huandikwa upya. Februari 2023 walipofanya hivyo, Desemba 2022 ambayo dunia nzima ilikuwa imeshangilia kwamba bei za jumla zilishuka kwa 0.1, ikageuka kuwa zimepanda 0.1, na ile ya msingi ikatoka 0.3 ikawa 0.4. Watu walikwisha kununua na kuuza kwa mabilioni juu ya namba ambayo sasa haipo. Namba ya mwaka haiguswi, kwa sababu hutokana na bei ghafi ambazo hazijasafishwa.

Mtego wa pili ni Januari. Kampuni nyingi hubadili bei mwaka unapoanza: bima, hospitali, ada za uanachama. Usafishaji unapaswa kuliona hilo, lakini katika miaka ambayo bei zinapanda kuliko ilivyozoeleka, makadirio ya zamani hayatoshi, na ziada inabaki kwenye namba. Januari 2023 ilikuwa 0.4. Januari 2024, 0.4. Januari 2025, 0.4 tena, na watu wakaanza kusema mfumuko umerudi. Februari ikaja 0.2 na Machi 0.1. Wakala wako akikuandikia Februari kwamba namba ya Januari ni mbaya, mwambie ahsante, tutaongea Machi.

Uzito mkubwa zaidi ndani ya namba ya msingi ni nyumba. Kodi wanazolipa wapangaji, pamoja na kodi ambayo mwenye nyumba angelipa kama angekuwa mpangaji katika nyumba yake mwenyewe, na gharama nyingine za makazi, ni karibu asilimia 45 ya namba ya msingi. Ile kodi ya kukisiwa ya mwenye nyumba peke yake ni kama theluthi moja. Ndiyo, theluthi moja ya namba inayotikisa dunia ni fedha ambayo hakuna aliyeilipa. Mimi binafsi sina ugomvi nayo sana. Mwenye nyumba anakaa ndani ya kitu chenye thamani, na thamani hiyo inabidi ipimwe kwa namna fulani. Kinachonisumbua ni ucheleweshaji. Kila nyumba iliyo kwenye sampuli hutembelewa mara moja kwa miezi sita, na wapangaji wengi wako katikati ya mkataba wa mwaka, kwa hiyo kodi mpya ya mtaani leo huingia kwenye fahirisi kidogo kidogo. Kodi za wapangaji wapya zilianza kupoa mwaka 2022, lakini kipengele cha makazi kwenye fahirisi kiliendelea kupanda hadi kikafika asilimia 8.2 kwa mwaka, Machi 2023.

Fanya hesabu uone uzito huo. Makazi yakipanda 0.4 kwa mwezi, yenyewe tu yanachangia kama 0.18. Ili namba ya msingi itoke 0.2, vitu vingine vyote, magari, nguo, hospitali, tiketi, bima, vinatakiwa kwa wastani kupanda 0.04 tu, yaani vikaribie kusimama. Ndivyo ilivyokuwa sehemu kubwa ya 2023 na mwanzo wa 2024: benki kuu ilikuwa inasubiri nyumba. Na ile Juni 2024 iliyoangusha dola dhidi ya yeni, siri yake ilikuwa hapo. Kodi za wapangaji na zile za kukisiwa zilipanda 0.3, kiwango cha chini kuliko vyote tangu Agosti 2021. Waliosoma hadi mstari huo walielewa kwamba 0.1 ile haikuwa bahati ya tiketi za ndege.

Baada ya nyumba, fuatilia bima ya magari, maana ni hadithi ya biashara yako mwenyewe ikisimuliwa kwa kuchelewa. Magari yalipanda bei 2021, spea na mafundi wakafuata, gharama ya kutengeneza gari lililogongwa ikapanda, kampuni za bima zikala hasara, kisha zikaomba idhini ya kupandisha ada jimbo kwa jimbo. Kufika Machi 2024 bima ya magari ilikuwa juu kwa asilimia 22.2 kuliko mwaka mmoja kabla, wakati bei za magari yenyewe zilikwisha kutulia zamani. Sehemu ya ile 0.359 iliyoinua dola mwezi Aprili ilikuwa moshi wa moto uliowaka miaka mitatu nyuma. Mafuta nayo, ingawa yametolewa mlangoni, hurudi kwa dirishani kupitia nauli za ndege na usafirishaji wa mizigo.

Kwa hiyo mwezi mmoja usiuamini peke yake. Njia ninayoitumia ni kuchukua miezi mitatu mfululizo, kuiunganisha, na kuikuza kwa mwaka. Januari hadi Machi 2024 ilikuwa takriban 0.39, 0.36 na 0.36. Jumla inakaribia 1.1, na kwa mwaka ni asilimia 4.5. Mei hadi Julai ya mwaka huo huo ilikuwa 0.16, 0.06 na 0.17, kwa mwaka inatoa 1.6. Namba ya mwaka wakati huo huo ilikuwa imeteremka polepole tu, kutoka 3.8 ya Machi hadi 3.2 ya Julai, na ungeisoma peke yake usingeona kwamba mwendo ulikuwa umebadilika kabisa. Fed iliuona. Riba iliyokuwa imepandishwa kutoka karibu na sifuri Machi 2022 hadi kati ya 5.25 na 5.50 Julai 2023, ilishushwa kwa nusu asilimia tarehe 18 Septemba 2024.

Kuna miezi ambayo hata namba haipo. Serikali ya Marekani ilipofungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 hadi katikati ya Novemba kwa kukosa bajeti, wakusanyaji wa bei hawakwenda kazini, na fahirisi ya Oktoba haikutolewa. Ilipotoka ya Novemba hapakuwa na mwezi wa nyuma wa kuilinganisha, kwa hiyo badiliko la mwezi halikuwepo, na yeyote aliyekuambia linajulikana alikuwa anakisia.

Namba hizi hutufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya siku moja, ya dola na yeni. Ya pili ni ya taratibu na ndiyo nzito: riba za Marekani zikikaa juu, mwenye fedha haoni sababu ya kuzileta huku bila kulipwa zaidi. Februari 2024, katikati ya ule mfululizo wa 0.4, Kenya ililazimika kukopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kulipa sehemu ya deni iliyolichukua mwaka 2014 kwa 6.875. Riba ya Marekani haikuwa sababu pekee, kulikuwa na wasiwasi juu ya madeni ya Kenya yenyewe, lakini ilikuwa sakafu ambayo mengine yote yalijengwa juu yake.

Sasa duka lako. Ukilipa ankara kwa dola, namba hii ya mwezi isikukoseshe usingizi. Shilingi haichezi dakika ile ile kama yeni inavyocheza; kwako kinachoamua zaidi ni msimu wa watalii, korosho na dhahabu, ambavyo kwa kawaida huongeza dola nchini kuanzia katikati ya mwaka hadi Desemba, pamoja na hatua za Benki Kuu ya Tanzania. Kusubiri taarifa ya Marekani ili ununue dola Dar ni kupoteza nafasi kwenye meli.

Ukilipa kwa yeni, hapo msikilize wakala wako nusu. Tarehe ya taarifa hujulikana mapema. Hutoka saa tisa na nusu alasiri kwetu kule wakiwa kwenye saa za majira ya joto, na saa kumi na nusu jioni majira yao ya baridi. Usikae ukibahatisha kama itakuwa 0.2 au 0.4, kwa sababu wanaolipwa mamilioni kwa kazi hiyo hukosea mara kwa mara. Mzigo ukiwa mkubwa, gawa malipo: nusu kabla ya siku hiyo, nusu baada yake. Namba ikija juu ya matarajio, mara nyingi dola inapata nguvu na nusu ya pili inakuwa nafuu. Ikija chini, nusu ya kwanza imekwisha kukukinga. Na kama mwenye mzigo Yokohama anakubali kukupangia bei ya yeni kwa siku 30, chukua hiyo, hata akiongeza kidogo juu yake.